Ramani ya nondo: nani huwahesabu wadudu wa usiku?

Kila jioni, mwaka mzima, taa zipatazo 80 huwashwa katika bustani, mashamba na misitu ya Uingereza kwa kazi moja tu, nayo ni kuwavuta nondo. Hakuna anayesoma wala kupita njia kwa mwanga wake. Balbu ni ya wati 200, ya aina ileile iliyochaguliwa tangu mwanzo, na chini yake kuna chombo ambamo wadudu huangukia. Kunapokucha, watu wa kujitolea hukusanya walionaswa, huwatenga aina kwa aina, huwahesabu na kuiandika hesabu yao.

Mtandao huo husimamiwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London, na takwimu zake zimekusanywa kwa utaratibu uleule tangu mwaka 1968. Mwaka 2021 shirika la uhifadhi la Butterfly Conservation, likishirikiana na Rothamsted, lilitoa ripoti iliyotegemea takwimu hizo. Ilisema kwamba wingi wa nondo wakubwa nchini Uingereza umepungua kwa asilimia 33 katika muda wa miaka 50. Kusini mwa nchi upungufu ulifikia asilimia 39, na kaskazini asilimia 22.

Habari hiyo ilitangazwa sana. Sehemu nyingine ya ripoti hiyohiyo haikupewa nafasi kubwa, ingawa inashangaza zaidi. Wataalamu walipochunguza wingi wa aina 427 za nondo, walikuta kwamba aina 175 zimepungua na aina 42 tu zimeongezeka. Zilizosalia hazikuonyesha mwelekeo wa kuaminika. Lakini walipochunguza maeneo zinamopatikana aina 511, picha ilikuwa tofauti kabisa: aina 165 zimepoteza maeneo, na aina 187 zimeyapanua.

Yaani nondo wanapungua, na wakati huohuo aina zinazoenea ni nyingi kuliko zinazorudi nyuma. Kwa mtazamo wa haraka takwimu hizo zinapingana. Ili kuona kwamba hazipingani, yafaa kwanza kufahamu jinsi ramani ya mdudu inavyotengenezwa, na ni kitu gani hasa ramani hiyo inachoonyesha.

Jina moja kwa maelfu

Kiswahili kina neno moja, nondo, kwa wadudu wote hawa, na neno lenyewe lina kazi nyingine nyingi: ndilo jina la chuma kinachotiwa ndani ya zege, na katika hadithi za kale ndilo jina la joka la kutisha. Wengi huwaita nondo vipepeo bila kutofautisha. Anayefahamika zaidi majumbani ni yule wa kabatini, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa kutajwa pamoja na kutu, ijapokuwa anayetoboa nguo za sufu si nondo mwenyewe bali ni kiwavi wake.

Nchini Uingereza vipepeo wanaoishi na kuzaliana ni aina 59. Nondo ni aina zipatazo 2,500, na kati ya hizo karibu 900 huhesabiwa kuwa nondo wakubwa. Waliosalia ni wadogo mno, wengine hawazidi ukubwa wa punje ya mchele. Afrika kusini mwa Sahara ina aina nyingi zaidi, maelfu kwa maelfu, na kila mwaka wataalamu huongeza nyingine ambazo hazikuwa na jina.

Kuzitenga aina hizo ndiko kugumu. Nondo wawili waweza kufanana rangi, mabaka na ukubwa, wasitofautiane ila katika viungo vya uzazi, ambavyo havionekani mpaka mdudu apasuliwe na kutazamwa kwa hadubini. Tangu mwaka 2003, mwanasayansi wa Kanada Paul Hebert na wenzake walipopendekeza kutambua aina za wanyama kwa kusoma kipande kifupi cha chembe za urithi, njia hiyo imesaidia mno. Mara kwa mara imebainisha kwamba nondo aliyedhaniwa kuwa aina moja ni aina mbili, au hata tatu.

Nukta ndani ya mraba

Ramani ya nondo wa Uingereza huanza na karatasi iliyogawanywa katika miraba, kila mmoja wa kilomita 10 kwa kilomita 10. Aina fulani ikionekana ndani ya mraba huo, nukta moja huwekwa. Nukta hiyo ni ileile, aonekane nondo mmoja au waonekane 1,000.

Mbali na miraba, upo mgawanyo mwingine wa zamani. Mwaka 1852 mtaalamu wa mimea Hewett Cottrell Watson aliigawa Uingereza katika maeneo 112 kwa ajili ya kuandika mimea inapoota, akakusudia kwamba mipaka yake isibadilike hata serikali ikibadilisha mipaka ya utawala. Hekima yake itaeleweka kwa urahisi na msomaji wa Tanzania au Kenya. Lebo ya makumbusho iliyoandikwa "Mkoa wa Iringa" mwaka 1990 yaweza kuwa na maana ya mahali ambapo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe, na mikoa minane ya Kenya imekuwa kaunti 47. Maeneo ya Watson yapo hadi leo, na karibu kila eneo lina mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kupokea taarifa za nondo, kuzikagua na kuzikataa zile zisizoaminika.

Watu hao wa ukaguzi ndio uti wa mgongo wa kazi nzima. Mtu anapodai kwamba amemwona nondo wa milimani katika bustani ya jijini, wao ndio wanaoomba picha, au mdudu mwenyewe, au wanaokumbusha kwa upole kwamba kuna aina ya kawaida inayofanana naye. Mwaka 2007 taarifa zao ziliunganishwa katika mpango mmoja wa kitaifa, na mwaka 2019 kikatolewa kitabu cha ramani za nondo wakubwa wa Uingereza na Ireland. Kina aina 893, na nyuma ya nukta zake ziko taarifa zaidi ya milioni 25. Wengi wa waliozileta si wanasayansi wa kuajiriwa. Ni walimu, wastaafu, madereva, wauguzi, watu wenye taa bustanini na trei za mayai zilizopangwa ndani ya sanduku ili nondo wapate pa kujificha hadi asubuhi. Wakishaandikwa, nondo wao huachiwa huru.

Kuenea huku wakipungua

Sasa lile fumbo la ripoti linafunguka. Mitego ya Rothamsted hupima wingi: usiku huu wameingia wangapi, na usiku kama huu miaka 20 iliyopita waliingia wangapi. Ramani ya miraba hupima mtawanyiko: yupo, au hayupo. Nondo aliyekuwa akinaswa mamia kwa mamia na sasa ananaswa mmoja mmoja amepungua sana, lakini nukta yake haijaondoka kwenye ramani. Itaondoka siku yule wa mwisho atakapokosekana.

Mfano mzuri ni Arctia caja, nondo mkubwa mwenye mabawa ya mbele ya hudhurungi na meupe, na ya nyuma mekundu yenye mabaka ya buluu iliyokoza. Kizazi kimoja kilichopita, watoto wa Uingereza waliwajua viwavi wake wenye manyoya kama watoto wa Afrika Mashariki wanavyowajua jongoo. Bado hupatikana sehemu nyingi za nchi, ila wingi wake umeporomoka.

Kwa upande mwingine wapo wanaosonga mbele. Msomaji anayeishi London huenda amemwona mmoja wao mwezi wa Julai au Agosti, mchana kweupe: nondo mwenye mabawa meusi yaliyochorwa michirizi ya rangi ya maziwa, ambaye anaporuka huonyesha mabawa ya nyuma mekundu. Jina lake la kisayansi ni Euplagia quadripunctaria. Zamani nchini Uingereza alijulikana hasa katika pwani ya kusini magharibi; tangu mwanzoni mwa karne ya 21 amekuwa mkazi wa kawaida wa jiji hilo. Majira ya joto yamezidi kuwa na joto, na aina nyingi za kusini zinasogea kaskazini. Wengine wamerudi kwa sababu hewa imetakata: viwavi wao hula viumbe vidogo vinavyotanda juu ya magome ya miti, ambavyo moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umeviua.

Wengine waliletwa na binadamu. Nondo wa Asia ya Mashariki aitwaye Cydalima perspectalis aligunduliwa Ulaya mwaka 2007, na inaaminika kwamba alisafiri na miche ya mapambo. Leo viwavi wake huiacha mikavu ile miti midogo inayokatwa kwa ustadi kuzunguka bustani za Uingereza na Ufaransa. Kwenye ramani, nukta zake ni ushindi. Kwa mwenye bustani ni hasara tupu.

Sababu za kupungua zinafahamika kwa sehemu: mashamba makubwa yasiyo na vichaka, dawa za kuulia wadudu na magugu, mbolea inayobadilisha mimea ya pembeni, mabadiliko ya hali ya hewa. Taa za barabarani nazo zimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa kusini mwa Uingereza, ulilinganisha kando za barabara zenye taa na zisizo na taa. Katika vichaka vilivyomulikwa, viwavi walikuwa wachache kwa asilimia 47. Katika nyasi za kando ya barabara, kwa asilimia 33. Taa nyeupe za kisasa, zinazosifiwa kwa kuokoa umeme, zilikuwa na madhara makubwa kuliko zile za zamani za rangi ya manjano.

Ramani ya wanaotazama

Kila ramani ya aina hii ina kasoro moja isiyoepukika. Nukta haisemi tu kwamba nondo alikuwapo. Husema pia kwamba alikuwapo mtu mwenye taa, mwenye maarifa, na mwenye kalamu. Mraba mtupu waweza kuwa hauna nondo, au hauna mtu. Katika milima ya Scotland kuna maeneo ambayo yamekaguliwa mara chache mno, kwa sababu tu hakuna anayeishi karibu. Vilevile, aina ikionekana kuenea, lazima iulizwe kama iliyoenea ni aina hiyo au ni idadi ya watu wanaoitafuta. Wanatakwimu wana njia za kupunguza kosa hilo, kwa mfano kwa kuangalia ni ziara ngapi zilifanywa mahali fulani na aina nyingine ngapi ziliandikwa siku hiyo, lakini hakuna hesabu inayoweza kumzaa shahidi ambaye hakuwapo.

Nje ya Ulaya kasoro hiyo ni kubwa zaidi. Kwa muda mrefu ramani za nondo wa Uarabuni zilitegemea watu wachache, mmoja wao akiwa mwanadiplomasia wa Uingereza, E. P. Wiltshire, aliyekuwa akikusanya nondo katika nchi alizotumwa kikazi. Milima ya Dhofar, kusini mwa Oman, ambayo hupata mvua ya kusi wakati sehemu nyingine za rasi ile zinaungua kwa jua, ina wadudu wengi ambao jamaa zao wako Afrika. Lakini ili jambo hilo lijulikane, ilibidi mtu apande milima ile usiku na taa yake.

Afrika Mashariki hali ni hiyohiyo. Nondo wetu wengi walipewa majina ya kisayansi kutokana na wadudu waliopelekwa London, Berlin, Paris au Tervuren huko Ubelgiji, na lebo zao bado zinataja nchi ambazo hazimo tena katika ramani ya dunia. Majina ya mahali yanayorudiarudia ni yale ya vituo vya utafiti, stesheni za reli na misheni. Kati ya stesheni na stesheni kuna mbuga na misitu ambayo, kwa mujibu wa ramani, haina nondo hata mmoja, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuwasha taa ya kandili katika eneo hilo atalicheka.

Mtu aliyepitia Amani

Mtu aliyeiwekea kazi ya Rothamsted msingi aliwahi kufanya kazi kwetu. Carrington Bonsor Williams, mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, alikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki, kuanzia mwaka 1927 hadi 1929. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na wakati wa Williams kilikuwa chini ya utawala wa Waingereza wa Tanganyika. Kilichomvutia zaidi kilikuwa safari za vipepeo na nondo wanaovuka nchi kwa makundi, na mwaka 1930 alitoa kitabu juu ya safari hizo.

Aliporudi Uingereza na kuongoza idara ya wadudu ya Rothamsted, aliweka mtego wa taa na kuuendesha usiku baada ya usiku kuanzia mwaka 1933 hadi 1937. Aliona jambo ambalo kila mwenye kutega nondo huliona: aina chache huja kwa wingi kupita kiasi, na aina nyingi huja mmoja tu, au wawili. Jambo hilohilo lilikuwa limeonekana kwa vipepeo wa Malaya waliohesabiwa na Steven Corbet. Mwanatakwimu Ronald Fisher akaipatia hali hiyo kanuni ya hesabu, na makala yao watu watatu, iliyochapishwa mwaka 1943, hutumiwa hadi leo na wote wanaopima wingi wa aina za viumbe.

Faida yake ni hii: mtu hawezi kuwamaliza nondo wa mahali kwa kuwahesabu, kwa kuwa kila usiku wa ziada huweza kuleta aina moja mpya iliyokuwa adimu. Lakini kwa kutazama uwiano wa walio wengi na walio adimu, anaweza kulinganisha msitu na shamba bila kungoja hesabu ikamilike. Kwa nchi ambazo haziwezi kuwa na mitego kila mraba, hilo si jambo dogo.

Viwavijeshi na mitego ya mvua

Afrika Mashariki ilikuwa na mtandao wake wa mitego ya nondo, na haukuanzishwa kwa ajili ya kupenda mabawa yenye rangi. Ulianzishwa kwa sababu ya njaa.

Viwavijeshi, ambao nondo wao huitwa kisayansi Spodoptera exempta, hutokea ghafla mwanzoni mwa mvua. Mkulima hulala shamba likiwa kijani, na baada ya siku chache mahindi, mtama na majani ya malisho huwa yameliwa hadi shina. Wazee waliwaona kama waliozuka ardhini. Ukweli ni kwamba walishuka kutoka hewani wakiwa nondo, siku kadhaa kabla, wakataga mayai usiku, nao hawakuonekana na mtu.

Tangu miaka ya 1960, kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, kilikusanya taarifa za mitego ya nondo kutoka sehemu nyingi za kanda hii. Ramani zilizopatikana zilionyesha mpangilio. Mashambulizi ya kwanza mara nyingi huanza katika maeneo makavu ya katikati ya Tanzania na mashariki mwa Kenya mvua zinapoanza. Kisha vizazi vinavyofuata husogea na pepo kuelekea kaskazini, hadi Ethiopia, na miaka mingine huvuka bahari hadi Yemen. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Uingereza na wenzao wa Kenya walitumia rada kuwafuatilia nondo hao wakipaa gizani. Wengine waliotiwa alama walinaswa tena umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali walipotokea.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya pamoja iliingia katika matatizo ya fedha na utaratibu, kwani nondo hajui mpaka, lakini bajeti inaujua. Nchi ziliendelea kila moja kwa njia yake, huku Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki likichukua sehemu ya jukumu la kanda. Nchini Tanzania kazi hiyo iliratibiwa kwa miaka mingi kutoka Tengeru, mkoani Arusha.

Mitego iliyotumika baadaye haikuhitaji umeme. Ni chombo cha plastiki chenye chambo cha harufu inayofanana na ile anayoitoa nondo jike, na madume huifuata hadi ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Wilaya ya Kilosa, jaribio lilifanyika la kuwaachia wanakijiji wenyewe kazi nzima. Kila kijiji kilipewa mtego mmoja na kipimo cha mvua, na wakulima waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuhesabu nondo, kupima mvua na kutoa utabiri. Nondo wakizidi kiwango fulani na mvua ikanyesha, kijiji hutangaziwa hatari kwa juma linalofuata: msikitini, kanisani, shuleni, kwenye mkutano wa kijiji. Tahadhari ya siku chache hutosha, maana kiwavi mchanga huuawa kwa dawa kidogo, na aliyekomaa huwa ameshakula alichokula.

Mgeni wa mwaka 2016

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mahindi ya Afrika Magharibi na ya kisiwa cha São Tomé yalishambuliwa na viwavi ambao kwanza hawakutambulika. Wengine waliwadhania kuwa wale wa kienyeji. Uchunguzi wa chembe za urithi ulithibitisha kwamba ni Spodoptera frugiperda, nondo wa bara la Amerika, ambaye hakuwa ameonekana Afrika kabla ya hapo. Kwa Kiswahili amekuja kuitwa kiwavijeshi vamizi.

Mwendo wake ulikuwa wa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 2017 alikuwa ameshathibitishwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na kufikia mwaka 2018 karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa na nukta yake. Mwaka huohuo wa 2018 aliripotiwa India na Yemen. Mwaka 2019 alifika China, na mwaka 2020 Australia. Wengi wa wasomaji wetu walio ughaibuni walianza kumsikia kupitia simu kutoka nyumbani, jamaa wakieleza kwamba mahindi yametobolewa moyoni na kwamba dawa ya dukani haimfikii.

Tofauti yake na yule wa kienyeji si ya kitaalamu tu. Kiwavijeshi wa kienyeji huja kwa msimu, kwa makundi, huonekana waziwazi, kisha hupita. Mvamizi hubaki mwaka mzima palipo na mahindi, na hujificha ndani ya majani machanga. Anayetaka kumtambua atazame kichwa cha kiwavi, kuna alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba.

Nondo wake ni mgumu zaidi kumtambua, na hapa ndipo ule upungufu wa ramani zetu ulipoleta hasara. Mashirika yalisambaza mitego ya harufu kwa haraka, na mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa programu ya simu ili wakulima na maofisa ugani waingize hesabu zao, zikusanywe katika ramani moja. Lakini mitego hiyo huwanasa pia nondo wengine wa Afrika, akiwamo Mythimna loreyi, ambaye ana rangi ya majani makavu na kwa macho yasiyozoea hana tofauti kubwa. Anayehesabu kila kilichomo ndani ya mtego hupata idadi kubwa, na shamba hupigwa dawa ambayo huenda haikuhitajika. Ili kuwatoa wenyeji katika hesabu ya mgeni, ni lazima kwanza wenyeji wawe wanajulikana.

Orodha za nondo wa Afrika sasa zinapatikana kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Hifadhidata ya intaneti iitwayo AfroMoths, iliyojengwa na watafiti walioko Ubelgiji, huonyesha kila aina na nchi ambako imeripotiwa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyiko wake jijini Nairobi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake jijini humo, kilifanya kazi na wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Kakamega na wa Mwingi ili kuvuna hariri ya nondo wa porini, na hapo kujua aina ipi inapatikana wapi kulikuwa ni suala la kipato.

Msomaji anayetaka kuongeza nukta yake, akiwa Pemba, Bukavu, Muscat au Leicester, hahitaji vifaa vingi. Shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani na taa moja mbele yake hutosha. Kinachohitajika ni vitu vinne kwa kila nondo: picha ya kutosha kumtambua, tarehe, mahali hasa alipoonekana, na jina la aliyemwona. Kwa mahali, kutaja wilaya pekee hakutoshi. Simu nyingi sasa huandika zenyewe vipimo vya eneo juu ya picha. Yafaa kuandika pia nondo wa kawaida, na usiku ambao hakuja hata mmoja. Mbalamwezi hushindana na taa, na upepo na baridi huwafanya nondo watulie majanini, kwa hiyo usiku wa giza, wenye joto na mawingu, kabla tu ya mvua, ndio unaojaza shuka.